Vitambaa vya Kanga Kwenye Matete

Malolo, Ruangwa
2 Septemba 2024

Kwa Bibi Shamba Doris, Nachingwea.

Salamu sana. Mimi ni Agapiti, yule mzee aliyekupa maji ya kunywa mwezi uliopita mlipokuja kuchimba udongo wetu na kukata mashina ya nyanya. Nina miaka sabini na tisa. Mradi wa karanga wa Wazungu ulikufa hapo kwenu Nachingwea mimi nikiwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Reli waliitandika, wakaing'oa, nikiwa naiona. Nimewazika wenyeviti wa kijiji saba, nimemzika mke wangu Aurelia, nimemzika dada yangu Dafrosa, na meno yangu nimeyazika yote isipokuwa manne. Shule niliishia darasa la tatu, lakini katekista Richard anasema mwandiko wangu unasomeka kuliko wa daktari.

Sasa nisikilize. Niliwaruhusu kuingia bondeni kwangu kwa sababu nina shida, wala si kwa sababu ya lile gari lenu jeupe. Nyanya za Agapiti zilikuwa zinajulikana mpaka Nanganga. Tenga likiwa limeandikwa A, mama wa sokoni hafungui kukagua. Leo shamba langu linanyauka mchana kweupe, mche ni wa kijani asubuhi, jioni umelala kama mlevi.

Aliyeniletea balaa hili namjua. Ni mpwa wangu Felisian, mtoto wa marehemu Dafrosa. Mimi ndiye mjomba wake, na huku kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Nilimpa sehemu ya chini ya bonde alime. Mwaka juzi, mwezi wa tisa, zikanyauka za kwake, kisha zangu. Nikaitisha kikao cha ukoo. Nikasema, huyu ametoa mbegu chafu Nachingwea akatuletea ugonjwa, akiri. Akasema hajaleta. Nikamwambia basi asikanyage bonde mpaka akiri. Akaondoka, yuko Namungo anachimba dhahabu kwenye mashimo. Mkewe Serafina na binti yao wamekwenda kwa mama yake Serafina, Nanganga.

Sasa ukoo umeanza kuninong'ona. Hata katekista anasema nilikata shauri haraka. Kwa hiyo nataka wewe uandike karatasi, yenye muhuri, kwamba ugonjwa ulitoka kwa Felisian. Nitaisoma kikaoni, midomo ifunge.

Simu sina. Simu haipigi muhuri. Barua mpe kondakta wa basi la Ruangwa, juu uandike ni ya katekista Richard.

Mimi,
Agapiti, mwenye bonde.


Nachingwea
19 Septemba 2024

Mzee Agapiti, shikamoo.

Barua yako imenifikia, na nimeisoma mara mbili kwa furaha. Asante kwa maji, na kwa mhogo ule wa kuchoma ambao umesahau kuutaja. Samahani kidogo, mimi si bibi shamba. Ni mtafiti, kazi yangu ni maabara. Nimetokea Kagera, mwaka wa pili sasa niko huku kusini.

Nikueleze tunachofanya. Ulipokuwa umesimama pale, ulituona tunakata shina la mche ulionyauka na kulining'iniza kwenye glasi ya maji safi. Ulitoka uzi mweupe kama maziwa, ukashuka polepole. Ule uzi si utomvu. Ni bakteria, mamilioni, wanaoziba mishipa ya mche mpaka maji hayapandi. Ndiyo maana mche unalala ilhali udongo umelowa. Mnyauko huu hauna dawa ya kupuliza, na mdudu wake hukaa ardhini miaka.

Sasa, bakteria hawa si wa aina moja. Kwa macho wanafanana, hata kwa darubini. Tunawatofautisha kwa njia mbili. Kwanza tunawawekea sukari mbalimbali, ya maziwa, ya nafaka, na nyingine nyingine, tuone nani anakula nini na nani anakataa. Pili tunasoma vinasaba vyao, ndiyo alama za ukoo wao, tuone nani ni ndugu wa nani. Tumechukua sampuli Malolo, Nanganga na bustani kadhaa za Nachingwea. Majibu yatachukua kama miezi miwili.

Wakati tunasubiri, naomba unisaidie kwa maswali manne. Mche wa kwanza kunyauka bondeni ulikuwa wa nani, na lini? Miche iliyonyauka uliifanyia nini? Maji ya kumwagilia mnachota wapi? Na miche yako ya mwaka juzi ilitoka wapi? Nijibu bila kuogopa. Siulizi ili kumhukumu mtu.

Wako mtiifu,
Doris


Malolo
6 Oktoba 2024

Bibi Shamba Doris,

Usiniambie wewe si bibi shamba. Umeingia shambani, umevaa buti, umenikatia nyanya. Ni bibi shamba.

Hayo ya sukari nimemsomea katekista, tumecheka mpaka nikakohoa. Kumbe kijidudu nacho kina miiko, huyu hali hiki, yule hali kile, kama Wamwera na Wamakonde walipokutana kambini zamani. Mmoja anakataa panya wa kuchoma, mwingine anauliza yuko mmoja tu? Basi huyo wa kwangu lazima anakula kila kitu, maana hakuacha mche.

Majibu yako haya hapa.

Moja. Ulionyauka kwanza ni wa Felisian, mwezi wa tisa 2022. Kwangu haukunyauka hata mmoja kabla ya hapo. Andika hivyo hivyo.

Mbili. Miche iliyonyauka nilichoma moto, kama mtu mwenye akili.

Tatu. Maji tunachota kijitoni. Mimi niko juu, Felisian alikuwa chini. Nachota kwa keni yangu, yeye na yake.

Nne. Miche yangu naotesha mwenyewe, mbegu nazikausha juu ya paa. Tangu kijana sijawahi kununua. Isipokuwa mara moja, na hiyo si kununua, nilipewa kwa heshima. Mwezi wa sita mwaka ule ule nilikwenda Nachingwea kwenye jubilei ya padri wetu wa zamani, na jamaa mmoja mwenye bustani, akisikia mimi ndiye Agapiti wa Malolo, akanipa trei nzima ya miche ya kisasa. Nilirudi nayo mapajani kwenye basi, watu wananipisha kama nimebeba Ekaristi. Matunda yake yalikuwa hivi, ngumi. Yaliyobahatika kufika.

Kitu kingine naona nikueleze ili ujue kwamba mimi si mtu wa uonevu. Siku ya kikao niliketi kitini, Felisian nikamketisha chini, kwenye mkeka, ndivyo anavyokaa mwenye kesi. Nilimuuliza mara tatu. Kila mara alinitazama, akatazama mkeka, akasema, "Mjomba, mimi sikuleta." Hakulia. Hakutukana. Alinitazama tu namna ile, mpaka nikamwambia aangalie kwingine.

Mguu unanisumbua, nakomea hapa. Usisahau muhuri.

Agapiti


Namungo, machimboni
20 Oktoba 2024

Kwako Mjomba Agapiti,

Shikamoo Mjomba. Mimi mpwa wako mzima wa afya, vumbi tu. Natumaini mguu umepoa. Katekista Richard alipita huku kuona wanakwaya wake waliokimbilia dhahabu, akaniambia wataalamu wa Nachingwea walifika bondeni. Nimefurahi. Nimefurahi hasa aliponiambia wamekata na zako.

Mjomba, huku tunakaa mahema ya turubai. Shimo letu lina kama urefu wa minazi miwili kwenda chini. Tunashuka kwa kamba na magogo. Wenzangu wananiita Bwana Nyanya, kwa sababu nimeotesha mche mmoja kwenye ndoo mbovu nje ya hema, na umezaa. Wanasema, "Bwana Nyanya, hiyo dhahabu yako nyekundu tutaila lini?" Jumamosi kukiwa na mpira tunaacha shimo wote, hata mwenye shimo.

Nimeandika kwa sababu ya Prisila. Anapokea Komunyo ya kwanza Krismasi hii, hapo hapo parokiani. Mama yake ameshamshonea gauni. Sitaki asimame na mama yake tu, watu waulize baba yuko wapi, wajibiwe, amefukuzwa na mjomba wake kwa kuleta ugonjwa. Nataka nirudi nyumbani kama mtu asiye na doa.

Lile neno unalolitaka siwezi kulisema, kwa sababu si kweli. Mbegu zangu zilikuwa zako mwenyewe, ulizonipa ndani ya kile kikopo cha Blue Band. Unakumbuka. Nachingwea mwaka ule sikufika hata mara moja.

Kuna kitu nilikikuta mwezi wa nane mwaka ule, kwenye matete, pale ninapozamisha keni. Nilikitoa majini nikakiweka. Kikaoni sikukisema. Mbele ya ukoo mzima nisingeweza, wewe ndiye uliyenilea mama alipofariki. Na sasa sitakisema kwa mtu. Nakuomba wewe useme neno moja tu, "Felisian, rudi." Mengine tutanyamaza wote wawili.

Mpwa wako,
Felisian


Malolo
27 Oktoba 2024

Felisian,

Barua nimeipata. Mguu bado.

Kwenye matete kuna mambo mengi. Kuna makopo, kuna viatu vya watu, kuna kenge. Sijui unaniambia nini.

Mambo yamefika Nachingwea kwa wataalamu. Wana glasi, wana darubini, wana sukari za kila namna. Karatasi yenye muhuri inakuja kabla ya Krismasi. Ikisema huna kosa, nitaisoma mimi mwenyewe mbele ya ukoo kwa sauti, na unajua sauti yangu. Ikisema unalo, utakiri. Subiri muhuri. Mwezi mmoja si mwingi kwa mtu aliyesubiri miwili, nilitaka kusema miaka.

Kuhusu hilo shimo. Udongo wa huko naujua, nilipita nikiwa kijana. Juu ni mkavu, chini ni unga. Mvua ya kwanza ikinyesha usishuke. Wakicheka waache wacheke. Mwambie Agapiti kasema.

Mche wa kwenye ndoo usiumwagilie mchana, utaunguza majani. Mwagilia asubuhi.

Mjomba wako,
Agapiti


Nachingwea
14 Novemba 2024

Mzee Agapiti, shikamoo.

Majibu yametoka. Naandika taratibu, ukipenda msomee katekista.

Katika wilaya hizi mbili tumepata aina tatu. Ya kwanza ni ya Nanganga na ya majirani zako wote wa kijito cha pili. Ni wachaguzi wa chakula, sukari nyingi tulizowawekea wamezikataa. Inaonekana ni wenyeji, wako ardhini humo siku nyingi. Ya pili tumeipata sehemu mbili tu Nachingwea, hiyo haikuhusu.

Ya tatu ni ile uliyoibashiri wewe kwa utani. Anakula kila sukari tuliyomwekea, hakuacha hata moja. Tumempata bondeni kwako, kwenye shamba lako la juu na kwenye lile la Felisian la chini. Vinasaba vyao vimefanana kama mapacha. Malolo yote hatukumpata kwingine. Na pacha wao wa tatu tumempata kwenye bustani moja ya miche hapa Nachingwea.

Mzee, sasa naomba unielewe vizuri. Vipimo vyangu vinasema hawa ni ndugu. Havisemi nani alimwambukiza nani. Hakuna mashine inayoweza kusoma hilo. Linajulikana kwa tarehe, na kwa mtu aliyeona kwa macho yake.

Tarehe nilizonazo ni zako. Umeniandikia kwamba Juni 2022 ulileta trei ya miche kutoka Nachingwea. Kuhusu Felisian umenipa tuhuma tu, hukunitajia siku wala mtu aliyemwona akileta kitu. Maji ya kijito yanashuka, hayapandi. Mche mgonjwa ukiingia majini kule juu, aliye chini anamwagilia ugonjwa kwa keni yake mwenyewe, bila kujua.

Kwa hiyo muhuri wa kusema ni Felisian siwezi kuupiga. Nakuuliza kwa heshima, kama ningemuuliza baba yangu: kabla ya Septemba ile, hakuna mche wako ulionyauka kweli?

Doris


Malolo
20 Novemba 2024

Doris,

Karatasi yako nakurudishia.

Nilikuomba muhuri, umeniletea maswali. Umesoma mpaka umepitiliza. Mimi nimelima nyanya kabla baba yako hajamposa mama yako. Mtu akisema shamba lake halikunyauka, halikunyauka. Kwani ulikuwepo?

Usije tena na gari lako.

Agapiti


Malolo
Jumapili ya kwanza ya Majilio
1 Desemba 2024

Felisian mwanangu,

Rudi.

Karatasi ya Nachingwea imekuja. Haina muhuri, lakini imesema ya kutosha. Njoo kabla ya Krismasi, ukae nyumbani kwangu, Serafina na mtoto nao waje. Siku ya Komunyo tutakwenda parokiani wote, mimi nitatangulia na fimbo yangu na wewe utakuwa kuume kwangu, wakuone.

Kuna neno nataka kukuambia. Nimelianza hapa mara tatu, karatasi zimeharibika, kalamu si jembe. Nitakuambia ukija, tukiwa bondeni wawili. Kikao nitaitisha baadaye.

Mvua zimeanza huku. Nilikuambia kuhusu udongo huo.

Mjomba wako,
Agapiti


Nanganga
20 Desemba 2024

Kwako Baba Agapiti,

Shikamoo Baba. Nasikia mguu umekuzuia kuja mazikoni, na katekista amenieleza. Sina neno juu ya hilo.

Barua yako uliyomwandikia mume wangu naikurudishia. Katekista Richard aliichukua kwako Ijumaa, tarehe sita, akaipeleka Namungo kwa baiskeli. Alikuta watu wamekaa nje ya shimo. Kifusi kilikuwa kimeanguka Alhamisi mchana, wawili walitoka, mume wangu hakutolewa mpaka Jumamosi. Hakuna aliyeifungua barua. Mimi nilitaka kuifungua, mkono ukakataa, kwa sababu imeandikwa jina lake.

Mwenzake mmoja amesema mvua ya Jumatano ilipopiga, Felisian aliwaambia, "Mjomba wangu alisema tusishuke." Walimcheka kidogo. Alhamisi jua likatoka, wakashuka. Alisema anataka apate ya nauli na viatu vya Prisila, maana Mjomba hajaita bado.

Ndani ya begi lake nimekuta mfuko wa nailoni umefungwa fundo. Ndani yake kuna vitambaa vyembamba, tisa, vimekauka, vingine bado vina kikonyo cha mche. Sijui alikuwa anaviwekea nini. Lakini kanga naijua, ni ile ya kahawia yenye maua ya korosho ya marehemu mama Aurelia, ambayo wewe huchana kamba za kufungia nyanya zako kwenye miti. Nimeona ni mali yako. Nimeviweka ndani ya bahasha hii.

Ule mche wa kwenye ndoo wenzake wameuleta. Prisila anaumwagilia asubuhi, anasema baba alimwagiza hivyo.

Komunyo atapokea. Usijisumbue kuja kama mguu unauma.

Serafina


Malolo, Ruangwa
12 Januari 2025

Kwa Doris, Nachingwea. Mwanangu,

Mimi ni Agapiti, miaka themanini nimetimiza wiki iliyopita. Sasa nimemzika na Felisian, ingawa siku ya kumzika sikwenda. Nilimwambia katekista ni mguu. Mguu wangu ni mzima, Doris. Mwaka 2022 pia ulikuwa mzima.

Ulituma barua yako ya Novemba ukaniuliza kitu kama unavyomuuliza baba yako. Nikakujibu vibaya. Sasa nakujibu, na nakuomba uandike kwenye vitabu vyako, mahali penye wale wanaokula kila sukari.

Miche ya Nachingwea niliipanda shamba la juu mwezi wa sita. Ilipendeza. Mwezi wa saba, ikianza kufunga matunda, mmoja ukalala. Nikaumwagilia, haukuinuka. Kesho wanne. Nilikuwa nimeshawaambia watu wa Malolo wote waje waone nyanya za kisasa za Agapiti, kabla sijaitwa mbele za Mungu waone. Walikuwa wanapita njiani kila siku, wanasimama. Nikaona aibu. Nikichoma, moshi utaonekana. Nikifukia, watauliza udongo mpya wa nini. Jirani yangu Abel hasahau kitu wala hafungi mdomo.

Basi Jumapili watu walipokwenda misani mimi nilibaki, nikasema mguu. Bonde zima lilikuwa tupu, nasikia kengele tu. Niling'oa yote iliyolala, na vitambaa vyake vya kufungia, sikuwa na muda wa kufungua mafundo, nikabeba kwa tenga langu lenye herufi A, nikamwaga kijitoni. Maji yakachukua. Nikapanda mingine mahali pale, toka kitaluni kwangu, watu waliporudi misani hapana pengo. Nilijisifu moyoni. Jumapili ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo. Tarehe ishirini na nne, thelathini na moja, na saba ya mwezi wa nane.

Chini kwenye matete Felisian alikuwa anazamisha keni yake.

Zake ziliponyauka mwezi wa tisa, niliposikia, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilifurahi kwamba sasa haziwezi kuwa zangu peke yangu. Na wewe ukisema kwa glasi zako kwamba mdudu yule anakula kila kitu, mimi nimemwona anachokula. Ameanza na nyanya, akala heshima yangu niliyokuwa nailinda, akamla mpwa wangu.

Vile vitambaa alivikuta mwezi wa nane. Kanga ya Aurelia mimi peke yangu nilikuwa naichana, kijiji chote kinajua, wananitania kwamba marehemu bado ananifungia nyanya. Kwa hiyo aliketi kwenye mkeka ule, na jibu alikuwa nalo mfukoni. Kitambaa kimoja tu angekitupa katikati ya ukoo, mimi ningeshuka kitini siku ile ile. Akanitazama. Nikamwambia aangalie kwingine.

Ile barua ya kumwita niliiandika Jumapili tarehe mosi. Katekista alipita Jumatatu, nikamwambia bado. Nilikuwa natafuta namna ya kuliandika lile neno bila kuliandika. Jumatano ikanyesha, nikaisikia juu ya bati, nikasema alishaambiwa asishuke. Niliikalia siku tano. Ijumaa nikaitoa, na neno lenyewe halimo. Ingetoka Jumatatu ingemkuta hemani, anamwagilia ndoo yake. Serafina amenirudishia. Sijaifungua na mimi. Nayajua yaliyomo, ni machache.

Krismasi nilikwenda. Nilikaa nyuma, karibu na mlango, mahali wanapokaa wasiopokea. Prisila alipita na gauni jeupe na viatu vya kuazima, vinamlegea, kila hatua vinapiga sakafu. Hakunitazama. Hanijui vizuri.

Juzi Ijumaa niliitisha kikao. Kiti walikiweka mahali pake. Mimi nikaketi kwenye mkeka. Wazee wakasema, "Agapiti, inuka, mkeka si wako." Nikasema leo ni wangu. Nikawasomea karatasi yako ya tarehe kumi na nne, maana nilikurudishia lakini katekista alikuwa ameshainakili kwa mkono, ananijua. Kisha nikamwaga vitambaa tisa juu ya mkeka nikaeleza Jumapili moja moja. Nilitaka wanitukane. Hakuna aliyetukana. Abel, mwenye maneno, alivaa kofia akatoka. Mmoja mmoja wakatoka.

Bonde la chini nimempa Serafina mbele yao, na la juu pia. Amesema atapanda mahindi, nyanya hapana, na mimi sikubisha. Wewe ulisema mdudu hukaa ardhini miaka. Mimi sina miaka hiyo.

Sasa nakuomba lile nililokuomba mwanzo, muhuri. Andika karatasi hivi: ugonjwa wa bonde la Malolo uliletwa na Agapiti, mapajani, kwenye basi, akausukuma kwa maji kwa mpwa wake Felisian, ambaye hakuleta kitu. Piga muhuri. Mpelekee Serafina, amtunzie mtoto, atakapokuwa mkubwa asome. Usimwandikie mengine, atajua.

Kama wakubwa wako wanasema maneno ya mzee wa darasa la tatu hayaingii kwenye vitabu bila ushahidi, waambie wafike. Wamuulize Serafina wa Nanganga juu ya vitambaa na mahali alipovikuta. Wamuulize Abel yale niliyosema kikaoni, hataongeza, safari hii hawezi kuongeza. Na wamuulize katekista Richard, ambaye husimama mbele akihesabu watu wake kwa macho. Atawaambia kwamba Jumapili tatu mfululizo za mwaka ule, kengele ikilia, nafasi yangu kwenye benchi la pili ilikuwa tupu, na kwamba toka benchi la nyuma yake, kila mara, Felisian aliinama mbele akamuuliza yeye katekista, "Mjomba vipi leo, mguu?"

Agapiti